Jumamosi Nne za Nta

Nta ina dakika kumi na mbili. Hilo ndilo jambo la kwanza nililoambiwa na mkwe wangu, na ndilo lililonikera kuliko yote, maana mimi nimekata vitambaa miaka thelathini na moja na sijawahi kuona kitambaa kinakataa kukatwa eti nimechelewa. Kitambaa ukikitandika mezani asubuhi, ukaenda kunywa chai, ukapiga soga na watu, ukirudi utakikuta palepale kinakungoja kwa adabu. Nta haina adabu. Unaitoa kwenye kopo ikiwa laini, unageuza mshumaa huku na huku ukitafuta pa kuanzia, na kufumba na kufumbua imeshakuwa ngumu. Unaitia kisu, inakatika vipande na kukudondokea miguuni.

Niseme mapema kwamba sikuwa na haja yoyote na mishumaa ya kuchonga. Umeme ukikatika mimi nina taa ya betri. Nilichotaka kilikuwa kimoja tu: mwanangu na mkewe wasihame.

Walikuwa wamekaa kwangu miaka mitatu, na mjukuu wangu alizaliwa humu humu. Halafu jioni moja mwanangu akasimama mlangoni, funguo mkononi, akaniambia kwamba wamepata nyumba upande wa pili wa mji na mwisho wa mwezi wanahamia huko. Nilipomuuliza kuna nini, akasema ni karibu na kazi ya mke wake. Kazi hiyo imekuwa mbali miaka mitatu, na leo ndiyo wanagundua kwamba iko mbali. Sikuzaliwa jana. Hakuniambia ni mtaa gani, na hakusema hata lile neno la kupozea, kwamba Mama utakuwa unakuja.

Mkwe wangu anafanya kazi maabara ya hospitali, anapima damu za watu kutwa. Ni mtu wa kimya. Miaka mitatu sijamsikia akipaza sauti, na mimi kule kazini nilikuwa nikijigamba kwamba nimejaliwa mkwe asiye na neno. Baada ya habari ya kuhama ndipo nilipoanza kufikiri kwamba maneno anayo kama watu wengine, ila amepata mahali pa kuyaweka.

Kila Jumamosi mwanangu humtoa mtoto matembezini toka asubuhi, na mchana mkewe hujifungia jikoni na makopo yake ya nta. Mimi kwa muda mrefu nilikuwa nikilalamikia sufuria zangu. Sasa nikamwendea na kumwambia nataka anifundishe. Alinitazama kwa muda, nadhani hivyo ndivyo anavyotazama damu ya mtu kabla ya kuandika majibu.

"Kweli, Mama?" akauliza.

Nikamjibu kweli. Akasema basi nije saa nane, na nivae nguo ya kuchakaa.

Jumamosi ya kwanza nilipata picha ya kazi yenyewe. Unaanza na mshumaa mweupe wa kawaida, mnene kidogo, wenye utambi mrefu wa kushikia. Makopo ya nta za rangi yamekaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, na pembeni pana ndoo ya maji baridi. Unachovya mshumaa kwenye rangi, unauzamisha kwenye maji, unachovya tena rangi nyingine, unauzamisha tena, mara ishirini na tano au thelathini, mpaka unenepe na kuwa na matabaka ya rangi moja juu ya nyingine. Ukishatosha unautundika kwenye ndoano usawa wa macho, na hapo ndipo saa inaanza kukimbia. Unapitisha kisu kutoka juu kwenda chini, unavua utepe mwembamba usiukate mwisho, unaukunja, unausokota, unaubandika mahali. Rangi zote za ndani zinajitokeza ubavuni mwa ule utepe. Mkwe wangu akikata, inakuwa kama anamenya tunda. Dakika kumi na moja alikuwa amemaliza, na mshumaa wake ulikuwa na mikunjo pande zote, huwezi kuamini kwamba ni nta.

Nilipoanza mimi, alisimama nyuma yangu, mikono yake ameikutanisha mgongoni. Nikakata utepe wa kwanza, ukakatika. Nikakata wa pili, nao nikautoboa mpaka ndani. Wa tatu nilifikiri sana, na nilipomaliza kufikiri nta ilikuwa imeganda. Muda wote huo yeye hakunyoosha hata kidole. Alikuwa akitaja muda uliobaki tu: dakika tisa, Mama. Dakika sita. Dakika mbili.

Lazima nieleze kwa nini jambo hilo lilinipandisha mori. Kule karakana tunakoshona sare mimi ndiye mkuu wa meza ya kukatia, na wanafunzi wangu nyuma ya mgongo wananiita Mkasi. Wanadhani sijui. Wameniita hivyo kwa sababu mwanafunzi akianza kukata kwa kupinda, mimi simpigii kelele. Nanyoosha mkono, nautoa mkasi kwenye vidole vyake, namalizia mwenyewe, namrudishia. Kitambaa kikishakatwa vibaya hakuna dua ya kukirudisha. Kwa njia hiyo nimefundisha wakataji kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja anayekata ovyo. Kwangu mimi kumfundisha mtu ndiko huko. Sasa huyu anasimama nyuma yangu kama mlinzi wa benki, ananiangalia nikizama, na ananihesabia.

Jumamosi ya pili nilijiandaa. Nilimwambia moyo wangu kwamba mimi ni fundi, nitaikabili nta kifundi. Siku tatu kabla nilichora kiolezo cha karatasi, nikakipima kwa futi, nikaweka alama pa kuanzia kila utepe na pa kuishia, nikakiviringisha kwenye chupa kuhakikisha kinakaa. Mshumaa ulipokuwa tayari kwenye ndoano, nikauvisha karatasi yangu na kuanza kuibana kwa pini, moja baada ya moja, kila pini kwa nafasi sawa, maana pini zikikaa vibaya kazi yote inaharibika. Nikachukua chaki kufuatisha mistari. Chaki haishiki kwenye nta yenye maji. Nikafuta kwa kanga, nikachora upya. Nilipotoa pini ya mwisho na kushika kisu, mkwe wangu akasema, kwa ile sauti yake ya majibu ya maabara, "Mama, dakika zimekwisha."

Nilimgeukia. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia tangu mwanzo kwamba pini hazifai.

"Hukuniuliza, Mama."

Nikachukua mshumaa wangu wenye vitobo vya pini kama uso wenye ndui, nikaenda kuuweka chumbani chini ya kitanda, mtu asiuone.

Jioni ile nilimkuta mwanangu sebuleni anafunga masanduku ya vitabu, nikamtolea yote. Nikamwambia mke wake ananiacha niadhirike kwa makusudi, anasimama na mikono mgongoni kama mtu anayeangalia nyumba ya jirani ikiungua. Mwanangu hakuacha kufunga. Aliuliza tu, "Kwani unataka akunyang'anye kisu?"

Basi neno hilo lilinikaa kooni. Usingizi haukuja vizuri, maana nilijua limetoka wapi. Wiki ya kwanza ya ndoa yao, mkwe wangu alikuwa akikata mapazia ya chumba chao kwenye meza yangu, kwa mkasi wangu, na dada zangu wawili walikuwa wamekaa pale wanakunywa chai. Nikaona anapinda. Sikusema kitu. Nilinyoosha mkono nikautoa mkasi kwenye vidole vyake, nikamalizia, nikasema, "Hivi ndivyo." Dada zangu wakacheka. Naye alicheka. Tangu siku hiyo hajagusa kitambaa ndani ya nyumba yangu. Hata kifungo cha shati kikitoka anampelekea fundi wa barabarani, na mimi nipo. Nimeibeba siku hiyo miaka mitatu na sijaisema kwa mtu. Sasa nikaona mambo yote yamejipanga: mikono mgongoni, dakika sita Mama, nyumba upande wa pili wa mji. Alikuwa ananionyesha kwamba yeye hamnyang'anyi mtu kisu. Nikaamua kwamba Jumamosi ya tatu nitamwomba radhi, na akinisamehe huenda yale masanduku yakafunguliwa.

Lakini jaribu wewe kumwomba mtu radhi wakati anakuhesabia. Nilianza vizuri tu, nikiwa nimeshika kisu. "Mwanangu," nikamwambia, "kuna jambo nataka tuzungumze." Akasema sawa, Mama, dakika kumi, ule utepe unaanza kupoa. Nikaukunja. Nikaanza tena, nikasema kuna siku fulani. Akasema, "Bonyeza hapo chini, utaachia." Nikabonyeza. Mara ya tatu nikafungua mdomo, akasema dakika nne, na mimi hasira zilinijaa mpaka nikakata tepe tatu mfululizo bila kufikiri, nikazikunja, nikazibandika, zikakaa. Tukaziangalia wote wawili.

"Hapo," akasema.

Na mimi nilifurahi kuliko nilivyotaka kufurahi. Nilijiona mjinga, mtu mzima na mvi zangu kufurahia "hapo" moja. Baada ya hapo mtoto akarudi analia njaa, jikoni kukawa soko, na radhi yangu ikabaki pale pale.

Wiki iliyofuata nyumba ilianza kukonda. Kapeti la chumbani kwao likakunjwa, kabati likafunguliwa likawa mbao, picha zikashuka ukutani zikaacha miraba myeupe. Kila nikipita kwenye ujia nilijigonga kwenye sanduku, na kila nikijigonga nilimlaani fundi aliyelitengeneza. Gari la kuhamisha lilikuwa la Jumatatu. Mimi nilikuwa nimebakiwa na Jumamosi moja.

Siku hiyo mkwe wangu alikuwa akitengeneza mshumaa mkubwa, wa kuweka sebuleni kwake huko waendako. Aliuchora kwanza kwenye karatasi, akaibandika ukutani juu ya jiko: tepe nane zimeshuka kama majani, kila moja imesokotwa upande wake. Nyeupe, kijani, zambarau, akachovya mara thelathini na mbili. Mimi kazi yangu ilikuwa kubadilisha maji ya ndoo. Nilipanga nimwachie amalize kwanza, ndipo nimwombe radhi, maana akishamaliza hapatakuwa na dakika za kuhesabu. Akautundika, akakata utepe wa kwanza, akausokota, ukakaa vizuri ajabu. Akaweka kisu mezani kunyoosha vidole. Simu yake ikalia.

Ilikuwa hospitali. Mashine moja ilikuwa imegoma na kulikuwa na mgonjwa anasubiri damu. Alijibu, akasikiliza, akasema hamsikii vizuri, akatoka nayo uani ambako mtandao unashika. Nikabaki mimi, mshumaa na kisu. Nikatazama saa ya ukutani. Dakika kumi.

Nilikuwa najua utepe unaofuata ni upi. Mchoro ulikuwa mbele ya macho yangu, na vidole vyangu vilishajua kina cha kisu. Katika dakika kumi ningeweza tepe nne, pengine tano, zisifikie uzuri wa kwake lakini zikae. Nikanyoosha mkono. Halafu nikayaona mapazia, na dada zangu wakicheka, na ule mkono wangu wenye kiherehere. Nikaurudisha. Nikajiambia leo nife, kisu cha mkwe wangu sikigusi. Nikaikutanisha mikono mgongoni, nikabana.

Zilipobaki dakika saba nilikwenda mlangoni, nikamwonyesha ndani kwa kichwa. Akainua kiganja kuniambia nisubiri, huku akimwelekeza mtu kwenye simu afungue kifuniko cha nyuma. Dakika nne nikarudi mlangoni, akanipa mgongo. Dakika mbili nilikuwa nimesimama mbele ya ule mshumaa natokwa na jasho, na ule mng'aro wa nta unafifia mbele yangu kidogo kidogo. Sijawahi kuteseka namna ile kwa kutofanya kitu. Mwisho ukafifia kabisa.

Aliingia akiwa anafuta simu kwa upindo wa gauni. Akaugonga mshumaa kwa ukucha. Ulitoa sauti kama kikombe.

"Mama, ulikuwa humu muda wote?"

"Nilikuwa humu."

"Na kisu kilikuwa hapa."

"Kilikuwa hapo."

Akanitazama, halafu kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu nikasikia sauti yake ikipanda. "Sasa si ungekata tu?"

Hapo maji yakanifika shingoni. Nikamwambia kwamba mimi sasa sijielewi. Nikikata nimekosa, nisipokata nimekosa. Nikamwambia nimesimama pale na mikono mgongoni kwa ajili yake, nikifuata anavyonifanyia yeye, na kwamba sina ujinga, najua kwa nini ananifanyia hivyo, najua na kwa nini vifungo anapeleka kwa fundi wa barabarani. Ni ile siku ya mapazia. Nilimnyang'anya mkasi mbele ya dada zangu na kumfanya kichekesho ndani ya wiki ya kwanza, na haikupita siku nisiikumbuke. Nikamwambia anisamehe. Yote hayo niliyasema kwa hasira, kwa pumzi moja, kidole kimeelekea kwenye mshumaa kana kwamba ndio ulionikosea.

Alikuwa amekunja uso, anatafuta kumbukumbu.

"Mapazia yapi?" akauliza.

Nikamweleza. Ya chumbani kwao, yale ya maua. Akaendelea kutafuta, akatikisa kichwa. "Mama, hiyo siikumbuki."

Nikamuuliza, na mikono mgongoni je? Akasema ndivyo walivyofundishwa maabara, mwanafunzi akishika chombo wewe usikiguse, mtajie muda tu. Na vifungo? Vifungo ni kwamba yeye hapendi kushona, hajawahi kupenda, tangu shule. Nikavuta kiti nikakaa. Miaka mitatu nimeubeba mzigo ambao mwenyewe hata hajui kama aliupoteza. Nilijisikia mwepesi, na papo hapo nikajisikia nimeibiwa.

"Kwa hiyo huna kinyongo na mimi," nikasema.

Aliushusha mshumaa kwenye ndoano, akaulaza kwenye kopo ili urudi kuyeyuka, na rangi zake zote tatu zikaanza kuchanganyika kuwa tope.

"Sijasema sina," akasema. "Nikipiga pasi shati, unalipiga tena. Nikitia chumvi, unaonja na kuongeza. Nikimvisha mtoto, unamvua unamvisha upya. Si mbele ya watu, Mama. Kila siku. Hata leo asubuhi."

"Leo asubuhi nimefanya nini?"

"Viatu vyake. Nilikuwa nimeshamfunga kamba."

Nikarudisha akili nyuma. Asubuhi nilikuwa nimempakata mjukuu wangu mlangoni, namsubiri baba yake. Nikaviona vile viatu vidogo. Nikajiona ninafungua kamba, ninazifunga tena, ninaimba. Sikukumbuka kuamua kufanya hivyo. Mikono yangu ilifanya yenyewe, na mama wa mtoto alikuwa amesimama pale pale, begi la matembezi mkononi, anatazama. Niliona aibu ambayo siku ya mapazia haijawahi kunipa, kwa sababu ile siku nilijua ninachokifanya.

"Sikujua," nikamwambia.

"Najua hukujua. Ndiyo maana nilikuwa nashindwa pa kuanzia."

Kisha ule ubishi wangu ukarudi, maana mimi nikishaonyeshwa kasoro nataka kuona zote, siwezi kulala na kazi nusu. Nikamwambia basi anitajie, moja moja, asibakize hata moja.

"Zote?" Alitabasamu kidogo, si sana. "Mama, Jumatatu gari linakuja. Muda huu hauzitoshi."

"Sasa lini?"

Aliwaza huku akikoroga lile tope la nta. Akasema Jumamosi ijayo kule kwao jikoni patakuwa pameshapangwa, na makopo yatakuwepo. Nije saa nane. Tutachovya, na yeye ataanza na za mwaka wa kwanza.

Nikamwambia sipajui, hakuna aliyewahi kuniambia ni wapi. Akashusha macho. Kisha akachukua daftari la mtoto la kuchorea, akakaa kando yangu, akaanza kunichorea njia kwa kalamu: hapa sokoni, hapa daraja, hapa unashuka, mlango wa tatu, wa buluu. Barabara kuu aliichora imepinda, na daraja, ambalo mimi nimelipita miaka thelathini na moja nikienda kazini, aliliweka upande usio wake kabisa. Niliuma meno. Nikamwacha achore.